Mshirika wa Bwana Magoma

Tajiri Magoma alimfukuza Siwema, fundi viatu mlemavu, asishonee kwenye baraza la duka lake. Aliposikia wafadhili wanakuja kutafuta biashara zinazoshirikisha walemavu, akamfuata mbio.

"Dada yangu Siwema, leo kaa ndani! Waambie sisi washirika, nusu kwa nusu."

"Mdomo wangu mzito, bosi. Tangaza mwenyewe, na kipaza sauti, watu wote wasikie."

Magoma akatangaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mji ukashangilia, ruzuku akapewa.

Wageni walipotoka nje kupiga picha, akanong'ona, "Haya, ondoka."

"Niondoke kwangu?" Siwema akaendelea kugongelea soli. "Nusu yangu inaanzia kwenye hiyo feni. Kama uliwadanganya wageni, niwaite uwaambie."

Magoma akaanza kusogeza magunia yake ya sukari.