Kanga na Mitungi Iliyolia Motoni

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo, mawili mawili!

Ya nini yote hayo?

Moja la kusikia, la pili la kuwekea akiba!

Basi wekeni akiba, wanangu, maana hii ni tamu.

Hapo zamani za kale, kando ya mto mmoja, palikuwa na kiwanda cha mitungi. Wanyama wa bonde lote walihifadhi maji yao ya kiangazi katika mitungi ya kiwanda hicho. Ngiri alichimba udongo kwa meno yake. Kiboko aliukanda kwa miguu yake minene, pwata, pwata, mpaka ukalainika. Tumbili aliufinyanga kwa vidole vyake vyepesi. Na Kobe, mzee mpole, aliichoma mitungi katika tanuri.

Mkubwa wao alikuwa Bibi Nyati. Huyu bibi alikuwa na mikono ya kila kazi. Mambo mengi madogo aliyafanya yeye, na hakuna aliyeyatilia maanani, kwa sababu yalikuwa yamefanyika tayari. Siku moja ikaja habari kuwa binti yake amejifungua ng'ambo ya milima. Bibi Nyati akafunga mzigo wake mbio mbio, akawakumbatia wote, akalia, wakalia, akaenda zake kulea mjukuu. Kwa furaha na machozi, akasahau kukabidhi kazi.

Wakakaa wakamchagua Mama Kanga awe mkubwa wao. Walisema, "Huyu ana vifaranga wengi kama nyota, na hatujasikia hata mmoja amelala na njaa. Atatutunza na sisi."

Mama Kanga akaona haya, akakubali.

Mitungi ya kwanza baada ya Bibi Nyati kuondoka ikachimbiwa udongo, ikakandwa, ikafinyangwa, ikaanikwa. Ikaingia tanurini. Wote wakasimama kuimba, kama ilivyokuwa desturi yao:

*Mtungi wangu, mtungi wa udongo,*
*moto ukikukumbatia, usipasuke mgongo!*

Mara wakasikia, pwaa! Pwaa! Pwaa!

Tanuri lilipofunguliwa, ndani hamkuwa na mtungi. Mlikuwa na vigae tu.

Mama Kanga akaita kikao. Alikuwa hajawahi kuongoza kikao maishani mwake. Akapanda juu ya jiwe, akatunisha manyoya, akauliza, "Nani amepasua mitungi?"

Lo! Alikuwa amechokoza nyuki.

"Si mimi!" akasema Ngiri. "Mimi nachimba tu. Muulizeni aliyefinyanga."

"Mimi?" Tumbili akaruka. "Wewe mwenye pua kama jembe lililopinda, udongo wako umejaa kokoto!"

"Kokoto ziko kichwani mwako, ndiyo maana kinalia ukiruka!"

Kiboko akafungua kinywa chake kikubwa. "Nyamazeni! Mitungi imeingia motoni mizima, imetoka vigae. Anayeshika moto ni nani?"

Wote wakageuka kumtazama Kobe.

Kobe akanyoosha shingo taratibu. "Jamani, mimi nilisikia kitu mle tanurini. Kabla ya kupasuka..."

"Hatutaki maneno, Mzee!" Kiboko akamkata. "Punguza moto!"

Kobe akairudisha shingo ndani ya gamba. Mama Kanga aliiona ile shingo ikirudi, na moyo ukamuuma. Lakini hakujua afanye nini. Akasema, "Haya, punguza moto, Mzee wangu." Kikao kikaisha.

Kobe akapunguza moto. Wakafinyanga tena, wakaanika tena, wakachoma tena, wakaimba tena. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Vigae vitupu.

Mama Kanga akaita kikao cha pili. Safari hii akasema moyoni, "Mara ile waligombana kwa sababu niliwaacha waseme. Leo nitasema mimi." Akapika uji mzito wa mtama, akawakaribisha, akawagawia. Kisha akaanza kusema. Akasema kuhusu umoja. Akasema kuhusu bidii. Akasema kuhusu Bibi Nyati, na jinsi atakavyohuzunika akisikia. Jua likapanda, yeye anasema. Jua likashuka, yeye anasema. Tumbili akamtoa Ngiri viroboto, akavimaliza, akaanza kujitoa vyake. Kiboko akasinzia, povu la uji likamtoka puani.

"Basi tumeelewana?" Mama Kanga akauliza mwishoni.

"Ndiyo, Mama!" wakaitikia wengine kwa pamoja, na Kiboko akaamka akaitikia peke yake, "Ndiyo, uji ulikuwa mtamu!"

Wakarudi kazini. Walikuwa wameelewana nini? Hakuna aliyejua. Wakafinyanga, wakaanika, wakachoma, wakaimba. Pwaa! Pwaa! Pwaa!

Sasa kiangazi kilikuwa kinabisha hodi. Mto ulianza kukonda. Kiboko akaja kwa Mama Kanga amenuna.

"Mama, mimi nasema wazi. Mkono wa Mzee Kobe umeingia nuksi. Aondoke. Tutafute mchomaji mwingine kabla hatujafa kwa kiu."

Ngiri akainamisha kichwa. Tumbili akatazama pembeni. Hawakusema ndiyo, wala hawakusema hapana.

Kobe alikuwa amekwisha kusikia. Akafunga kimzigo chake, kitambaa na kijiti chake cha kuchochea moto. Mama Kanga akamkimbilia. "Unakwenda wapi, Mzee?"

"Sijui, mwanangu. Nyumba nimezoea kuibeba mgongoni. Lakini kazi yangu, na ninyi wenzangu, nitawabebaje?"

Machozi yakamlenga Mama Kanga. Akawageukia wengine. "Nipeni kikao kimoja tu. Tukiinuka bado mnataka aende, ataenda, wala sitamzuia."

Wakakubali. Lakini Mama Kanga alirudi nyumbani miguu ikiwa mizito. Kikao cha kwanza alikivuruga. Cha pili alikilaza usingizi. Cha tatu je?

Mlangoni alikuta vumbi na manyoya vinaruka. Vifaranga walikuwa wanagombana.

"Nani ameanza?" akafoka.

"Huyu!" "Si mimi, yule!" "Yule naye alinidonoa!" Ugomvi ukawaka upya, maradufu.

Mama Kanga akanyamaza. Akaketi chini, akakunjua mabawa, wakaingia wote chini yake wakilia. Akawauliza polepole, "Kumetokea nini, wanangu? Kila mmoja aniambie alichokiona. Tuanze na mdogo."

Mdogo akasema, "Mtama umemwagika, Mama." Wa pili akasema, "Kibuyu kina tundu." Wa tatu akasema, "Nami naweza kuliziba kwa nta." Na ugomvi ukaisha hivyo hivyo, kama moshi.

Mama Kanga akabaki ameduwaa. Kisha akaanza kucheka peke yake. Akawabusu vifaranga wote vichwani, mmoja mmoja.

Siku ya kikao ikafika. Mama Kanga hakupanda juu ya jiwe. Alichukua vigae vya mtungi mmoja, akaviweka chini katikati, akawaketisha wenzake kwa duara kuvizunguka.

"Leo mgonjwa ni mtungi," akasema. "Mgonjwa si Kobe, si Ngiri, si yeyote. Sisi ni waganga wake. Swali letu ni moja tu: mtungi unapasukaje? Hatuulizi nani."

Kisha akamgeukia Kiboko. "Bwana Kiboko, una sauti nzuri kutushinda wote. Nakuomba uitunze. Nenda mtoni ujaze maji mdomoni, uje ukae nayo. Zamu yako ikifika, utayameza."

"Maji? Mdomoni?"

"Maji hulainisha sauti, baba."

Kiboko, kwa kusifiwa, akaenda mbio. Akarudi mashavu yamevimba kama maboga, akakaa kimya. Tumbili akabana mbavu asicheke.

"Mzee Kobe," akasema Mama Kanga, "mara ile ulitaka kusema neno tukakukata. Tusamehe. Anza wewe."

Kobe akatoa shingo kidogo. Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemkata. Akaitoa yote.

"Kabla ya kupasuka," akasema, "mitungi hulia. Psssss. Kila mmoja hulia psssss, ndipo hupasuka. Mimi nilidhani inanizomea."

"Ahsante, Mzee. Ni kitu gani kingine hulia hivyo motoni?"

"Kuni mbichi!" akasema Tumbili.

"Kuni zilikuwa kavu," akasema Kobe. "Nilizivunja mwenyewe, zililia kah!"

Ngiri akajikuna. "Maji yakimwagikia kaa la moto, nayo hulia hivyo."

Wote wakatazamana. Mama Kanga akauliza taratibu, "Kwa hiyo ndani ya mitungi mna maji. Yameingiaje? Tuufuate mtungi toka shimoni mpaka motoni. Kila mmoja aseme mkono wake unafanya nini. Hakuna atakayelaumiwa."

Ngiri akaanza. Akasema anavyochimba, anavyochagua kokoto, anavyobeba. Akafika mwisho, akasita. "Na kuna jambo jingine, dogo tu. Asubuhi nikipita kwenye mitungi iliyoanikwa, huwa nainyunyizia maji kwa jani. Bibi Nyati alikuwa anainyunyizia ikiwa mipya ili jua lisiipasue. Alipoondoka nikasema, maskini, nani ataifanyia vile? Nikaichukua mimi kazi hiyo."

Tumbili akashika mdomo. "Wewe? Lakini jioni nainyunyizia mimi! Kila jioni! Nilisema hakuna anayeikumbuka..."

FUUUU!

Kiboko alikuwa ametema maji yote. Yakamlowesha Ngiri, yakamlowesha Tumbili, yakamwangusha Mama Kanga chali.

"Na mchana mimi!" akapaza sauti. "Nikitoka mtoni! Kinywa kizima! Niliona haya kusema, mtu mzima mimi kuihurumia mitungi!"

Mama Kanga akainuka, maji yanamchuruzika. Akalitazama bawa lake. Akalitazama tena. "Jamani," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi. Nachovya bawa, napita nikiipangusa kabla vifaranga hawajaamka."

Kisha Kobe akaanza kucheka, ke-ke-ke, gamba linatikisika. Ngiri akacheka. Tumbili akacheka mpaka akaviringika. Walicheka wote wakashikana.

"Kumbe mitungi imekufa maji juani!" akasema Tumbili.

"Imekufa kwa kupendwa," akasema Kobe.

Wengine wangeondoka hapo hapo kwa furaha. Mama Kanga akawazuia. "Ngojeni. Tumejua ugonjwa, bado dawa. Nani atainyunyizia?"

"Mimi!" "Mimi!" "Mimi!"

Wakacheka tena, kisha wakashauriana. Wakakubaliana kwamba Tumbili peke yake atainyunyizia, siku ile ya kuifinyanga tu, kisha itakaa kivulini bila kuguswa. Lakini nani atajua kuwa imekauka?

"Bibi Nyati alikuwa akiweka shavu kabla sijachoma, sasa nitaweka langu," akasema Kobe. "Mtungi ukiwa baridi shavuni, una maji. Ukikosa ubaridi, uko tayari."

"Basi Mzee Kobe asiposema tayari, mtungi hauingii motoni," akasema Mama Kanga. "Haya, kabla hatujainuka, kila mmoja aseme kazi yake kwa mdomo wake."

"Nachimba, sinyunyizii," akasema Ngiri.

"Nafinyanga, nanyunyizia siku ya kwanza tu," akasema Tumbili.

"Naweka shavu, kisha nachoma," akasema Kobe.

"Nakanda," akasema Kiboko, "na maji yangu nayameza!"

Kisha Kiboko akainuka, akaenda mpaka pale kwenye kimzigo cha Kobe. Akakibeba kwa mdomo, taratibu kama mtu abebaye yai, akakirudisha kando ya tanuri. Akasema, "Nisamehe, Mzee wangu." Kobe akampapasa mguu, maana hapo ndipo mkono wake ulipofika.

Mitungi ikafinyangwa. Ikanyunyiziwa siku moja, ikaachwa kivulini. Kila mmoja alipopita alifumbata mikono asiiguse, na Kiboko alizunguka mbali ili asijaribiwe. Kila asubuhi Kobe aliweka shavu. "Bado." Siku nyingine, "Bado." Mpaka akasema, "Tayari."

Ikaingia motoni. Wakaimba, sauti zikitetemeka:

*Mtungi wangu, mtungi wa udongo,*
*moto ukikukumbatia, usipasuke mgongo!*

Wakasikiliza. Hakuna psssss. Hakuna pwaa. Moto ukawaka, ukachoka, ukalala.

Tanuri lilipopoa, Kobe akaingiza kichwa. Akagonga mtungi wa kwanza kwa kijiti chake. Ngiii! Akagonga wa pili. Ngiii! Wa tatu. Ngiii! Yote ilikuwa mizima, myekundu, imara.

Vigelegele! Kiboko akacheza mpaka ardhi ikatikisika, na Mama Kanga akapiga kelele, "Bwana Kiboko, mitungi! Mitungi!" Akaenda kuchezea mbali.

Wakajaza maji mtungi wa kwanza, wakamkaribisha Kobe anywe kabla ya wote. Kobe akainama kwenye mdomo wa mtungi, na machozi yake yakaanza kudondokea ndani, tone kwa tone.

"Kunywa, Mzee," akasema Mama Kanga huku anamfuta kwa bawa, "usituongezee maji. Tumekwisha kukubaliana!"

Basi wanangu, tatizo likiingia kazini, msilitafutie mtu wa kulibeba. Liwekeni katikati, mlizunguke. Mwenye sauti ndogo aanze, mwenye sauti kubwa asubiri, na kila mmoja aseme alichokiona. Na msiinuke mpaka kila kazi imepata mwenyewe, maana hata wema usio na mpango hupasua mtungi.

Hadithi yangu imeiva, nimeipua. Mwenye bakuli akinge, mwenye kijiko alambe, na asiye na kitu ale kwa mwenzake.