Tajiri Chengo na Fuko Mwenye Makunyanzi

Fungeni midomo, mfungue masikio. Tajiri Chengo, ambaye tumbo lake lilifika chuoni kabla yake, alimwendea Profesa Wakesho, mama aliyetafiti kwa nini aina moja ya fuko haiugui saratani.

"Mshahara wako nitaulipa miezi sita. Jina langu libandikwe mlangoni."

"Mzee, utafiti huu unataka miaka!"

"Miezi sita, au funga ofisi."

Profesa machozi yakamlenga. Hapo Kadzo, mlisha fuko, akaleta mmoja ndani ya debe. Manyoya hana, ngozi makunyanzi matupu, macho kayafumba.

"Basi baba," Kadzo akasema, "lipa mpaka huyu afe. Akifa, tunafunga."

Chengo akacheka hata akashika ukuta. "Huyu? Wiki hamalizi! Niitieni wakili!" Akatia sahihi mbiombio, wasije wakambadilisha mnyama.

Mwezi ulipokwisha akapiga simu.

"Mmeshamzika?"

"Nani, baba?" Kadzo akauliza.

"Yule kikongwe wenu!"

"Kikongwe? Hao huzaliwa na makunyanzi yao, baba. Yule ana mwaka mmoja. Mama yake ndiye ana thelathini, na jana kazaa tena."