Kapu la Mbegu la Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, tulieni. Leo sina la kuwachekesha.

Hapo zamani za kale, Ngiri alikuwa mkulima wa mtama. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Akaenda kwa Kanga, akakopa kapu la mtama. Likaisha. Akaenda kwa Nguchiro, akakopa kapu. Likaisha. Akaenda kwa Nyani, na lake likaisha. Kukopa harusi, ndugu zangu, kulipa matanga.

Mavuno hayakuja. Wadai wakaja. Asubuhi Kanga, adhuhuri Nguchiro, jioni Nyani, wote na neno moja: "Bwana Ngiri, dawa ya deni ni kulipa." Ngiri akawa anaingia shimoni mwake kinyumenyume ili awaone wakitokea.

Sasa, wanyama wale walikuwa na desturi yao. Aliyeshindwa kabisa kulipa huenda kwa Mzee Korongo akasema, "Nimefilisika." Basi huitwa muflisi. Hutandika mkeka uwanjani, akaweka juu yake kila alicho nacho, na Korongo akawagawia wadai, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Kisipotosha, basi tena, deni limekufa. Ila akificha hata punje, madeni yote hufufuka.

Ngiri alikuwa amebakiwa na kapu moja la mbegu. Akawatazama wanawe watatu, mbavu nje. "Nikilitoa hili, tutapanda nini?" Angemwuliza Korongo, angejibiwa. Lakini aliona haya kuuliza, mjinga yule. Akalibeba mpaka kwa shemeji yake, Nungunungu.

"Nihifadhie, shemeji."

"Ondoa shaka, shemeji."

Kesho yake akatandika mkeka. Akaweka vyungu, ngozi na jembe. Korongo akamwuliza mara tatu, "Umebakisha kitu?" Mara tatu Ngiri akaapa hakubakisha. Jembe akarudishiwa. Vingine wadai wakagawana, wakanung'unika, wakaenda zao.

Mvua ikanyesha. Ngiri akaenda kwa Nungunungu. "Shemeji, nimefuata mbegu."

"Njoo keshokutwa."

Akarudi. Nungunungu akasema, "Mke wangu anaumwa, shemeji."

Akarudi mara ya tatu. Nungunungu alikuwa akichokonoa meno. "Mbegu gani? Si uliapa mbele ya watu kwamba huna kitu? Nenda kanishtaki."

Ngiri akarudi kwake mikono mitupu. Akishtaki, anajifunga mwenyewe. Akinyamaza, msimu unapita. Akanyamaza. Siku ya saba mwanawe mdogo akafa kwa njaa. Akamzika, akaenda moja kwa moja kwa Korongo, akasema yote.

Nungunungu akaitwa, aje na lile kapu. Lilikuwa limebaki nusu.

Korongo akachungulia ndani yake. "Ngiri, mbegu ya msimu mmoja haigawanywi. Muflisi huachiwa jembe lake na mbegu yake, maana asipolima atakula kwa nani? Ungeliweka hili mkekani, ningekurudishia mbele yao wote."

"Sikujua, mzee."

"Hukuuliza."

"Basi nipe sasa. Wamebaki wawili."

"Sasa ni mali iliyofichwa," Korongo akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli. "Ni ya wadai."

Kanga akachukua mbegu. Nguchiro akachukua jembe. Nyani akachukua shimo. Ngiri akaondoka na mkewe na watoto wawili, wakishika njia ya jangwani, na hakuna aliyesikia habari zao tena. Nungunungu msiniulize. Alinenepa.

Mnaona? Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kufilisika si kufa. Ukifilisika, sema, weka vyote wazi, kisha uulize unaachiwa nini, hata kama uso unawaka kwa haya. Haya ya siku moja haijamzika mtoto wa mtu.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeiona tamu ampelekee jirani; aliyeiona chungu aimeze hivyohivyo.