Fundi Mvuta na Goti la Shani

"Paukwa!"

"Pakawa!" Shani na kaka yake Kombo wakaitikia, wamekaa jikoni kwa Bibi Mize. Shani alikuwa akichokonoa gaga la kidonda gotini.

"Hapo zamani, tena si za kale sana, Jumatatu iliyopita, msichana mmoja alianguka, goti likachanika."

"Ni Shani huyo," akasema Kombo.

"Sikumtaja mtu, mume wangu," bibi akamtania mjukuu wake.

Ndani ya goti aliishi Mvuta, mmoja wa mafundi wadogo wa mwili ambao shuleni huitwa seli. Akapata habari kwamba mlango umevunjika na uchafu unataka kuingia. Akafunga safari kwenda kuuziba.

Fundi seli hana miguu. Hunyoosha mkono, hushika uzi wa nyama, hujivuta. Mvuta akashika uzi, akavuta, akavuta. Uzi ukamjia, yeye akabaki palepale.

"Bwana fundi," uzi ukasema, "mimi nimelegea. Unanivuta nije kwako. Shika mwenzangu aliyekazwa."

Akashika uliokazwa. Akavuta, akavuta, akaenda.

Akafika penye nyuzi zilizosongamana. Mkono ukapita, tumbo likapita, kiini chake kikakwama, maana kiini ni kigumu.

"Kama kichwa cha Kombo kwenye fulana," akasema Shani.

Mvuta akavuta, akavuta. Kiini kikabanwa, kikapita. Nyuzi alizozitanua zikabaki wazi, ikawa njia.

Akafika ukingoni mwa kidonda. Hapo nyuzi zote zimelegea, hakuna wa kumpeleka mbele. Akataka kurudi. Kisha akaukumbuka uzi wa kwanza. Sasa hakuwa na haja ya kwenda popote. Alitaka uzi uje. Akajikita, akavuta, akavuta, na ukingo ukamjia. Huko nyuma wenzake wakahisi nyuzi zikikaza mikononi mwao. Wakaufuata mvuto huo, wakapita njia ileile, wakavuta naye.

"Wakaufunga mlango?" Shani akauliza.

"Bado, mjukuu wangu. Hiyo ngozi unayoisikia ikikaza, ndio wao wanavuta. Ukibandua gaga, unawapokonya nyuzi mikononi."

Shani akaondoa kidole. Akaliinamia goti.

"Vuteni," akanong'ona.

"Basi, anayekutengeneza mwache amalize kazi," akasema bibi. "Hadithi yangu imeishia hapo gotini. Waliobaki nayo ni mafundi."