Hadubini ya Chaki

Paukwa!
*Pakawa!*
Palikuwa na shule!
*Ipo?*
Majengo yapo.
*Na vifaa?*
Vifaa vi njiani, vinakuja!
*Haya, na vije.*

Hapo kale, na kale yenyewe si mbali sana, wanyama wa Mtopeni walijenga sekondari yao. Mwenye kichwa alibeba mchanga, mwenye mgongo alibeba matofali, mpaka maabara ikasimama. Serikali ya msituni ikaleta hadubini, mizani, meza, mabeseni na tangi kubwa la maji. Mzee Kiboko, mwenyekiti wa bodi ya shule, akasema, "Hivi vitu vya thamani. Nitavitunza kwangu, watoto wasije wakaviharibu."

Akavitunza kweli. Meza akazilalia. Mabeseni akayalia ugali. Tangi akaliogea, chubwi! chubwi! kila jua likipanda.

Darasani Mwalimu Kanga alichora hadubini ubaoni, akasema, "Haya, chungulieni."

Wanafunzi wakachungulia, wakachungulia.

"Mnaona nini?"

"Tunaona chaki, mwalimu."

"Basi andikeni hivyo hivyo."

Kindi alikuwa kidato cha nne. Dada yake mkubwa alisoma shule hiyo hiyo, kwa ubao huo huo. Siku ya mtihani wa vitendo, Kiboko aliitoa hadubini ya kweli kwa asubuhi moja tu. Dada wa watu akaikodolea macho, asijue hata jicho liwekwe wapi. Akafeli. Alitaka kuwa mkunga. Sasa anamenya karanga za watu sokoni. Kindi akimtazama, roho inamuuma, na mtihani wake mwenyewe unabisha hodi.

Siku moja habari zikavuma: Tembo, mkuu wa msitu mzima, anakuja kuwa mgeni rasmi, akague maabara na kuendesha harambee. Na desturi ya Mtopeni ilijulikana. Mgeni akija, vifaa hutoka kwa Kiboko, hufutwa vumbi, hupangwa. Utepe ukishakatwa na pilau ikishaliwa, vifaa hurudi kwa Kiboko kabla sufuria hazijapoa.

Kindi akaenda kwa Kiboko, akagonga tangi. Ngo! ngo! ngo!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, naoga."

"Mzee, umesikia ya kule Mwanzini? Mwenyekiti wao alitoa gunia la mahindi mbele ya Tembo."

"Ikawaje?"

"Tembo akamrudishia mawili! Ndiyo tabia yake. Ukitoa, anakulipa mara mbili, mpaka mlangoni kwako."

"Mlangoni kwangu mimi?"

"Kwako wewe, mzee. Ila utoe kwa kiapo, wazazi wote wasikie. Ukitoa kwa kunong'ona, hupati kitu."

Uongo mtupu! Lakini Kiboko mate yalimjaa. Matangi mawili! Moja la kuoga, moja la kulala!

Siku ikafika. Vigelegele, lililili! Ngoma, ti! ti! ti! Kiboko akasimama, ardhi ikatikisika.

"Naapa kwa kaburi la baba yangu! Hadubini natoa! Mizani natoa! Meza natoa! Mabeseni natoa! Na tangi natoa! Ni mali ya shule milele!"

"Tumesikia!" wazazi wakaitikia.

Tembo akapiga makofi, pwaa! pwaa! Akamvika Kiboko shada la maua, akasema, "Laiti viongozi wote wangekuwa kama huyu!" Akala pilau, akaenda zake.

Kiboko akangoja. Akangoja. Akangoja. Mwisho akamwita Kindi kwa ukali.

"Mara mbili yangu iko wapi?"

"Si umepigiwa makofi mara mbili, mzee?"

Kiboko akakimbilia maabara akachukue vitu vyake. Akawakuta wazazi wameketi mlangoni, na kila mmoja akamwambia neno moja tu: "Tumesikia."

Siku ya mtihani Kindi akachungulia, akachungulia. Akaiona ngozi ya kitunguu, vyumba vidogo vidogo vimepangana kama matofali ya shule yao. Akafaulu. Akakimbia sokoni, akamvuta dada yake mpaka maabara. Dada akafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga, akainama, akaweka jicho.

"Kumbe ni hivi tu?" akasema. "Kumbe kilikuwa kitu chepesi hivi?"

Akalia. Akalia sana. Kisha akarudi kwenye karanga za watu.

Ukienda Mtopeni leo, utakuta juu ya mlango pameandikwa: MAABARA YA MZEE KIBOKO, MFADHILI WA ELIMU.

Basi wanangu, funzo la ngano hii ni kwamba wakubwa wetu ni wakarimu, na dada yake Kindi alifeli kwa uvivu wake. Ndivyo ilivyoandikwa mlangoni. Mimi ni nani hata nibishe?

Ngano yangu nimeitoa. Kama ni tamu, kaeni nayo. Kama ni chungu, nirudishieni kabla sufuria hazijapoa.