Fisi Aliyefundishwa Kukaa

Paukwa!
—Pakawa!
Palikaa nani?
—Palikaa mbwa!
Alikaa juu ya nini?
—Sisi tumeshakaa, tuambie wewe!

Haya. Hapo kale palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Nyamizi, na mbwa wake mdogo aliyeitwa Yatakwisha. Jina hilo halikuwa la mbwa, mnajua wenyewe. Lilikuwa kijembe kwa jirani. Kila jioni Mama Nyamizi alisimama uani akaita, "Yatakwisha! Yatakwisha!" na jirani akabamiza mlango wake, pa!

Mbwa huyo alikuwa mdogo hata kuku walimpita bila salamu. Lakini kichwani hakukosa kitu. Kila asubuhi Mama Nyamizi alimfundisha adabu. "Kaa!" Mbwa anakaa, pu! Anapewa kipande cha nyama. "Lala!" Mbwa analala, bwata! Kipande cha nyama. "Tulia!" Mbwa anatulia, kimyaaa. Kipande cha nyama. Yatakwisha aliona raha. Aliipenda shule hiyo kuliko usingizi.

Nyuma ya ua wa minyaa alijibanza Fisi, anaangalia, mate yanamtoka, tiri, tiri, tiri.

"Kukaa tu!" alinung'unika. "Mimi nazunguka pori zima, napata kwato. Huyu anakaa, analetewa nyama!"

Siku moja mbuzi wa Mama Nyamizi akazaa. Mama alifurahi mno, maana mwana-mbuzi huyo alikuwa amemsubiri miaka mitatu. Akapika chungu cha nyama, akakiepua. Akayafukia makaa kwa jivu ili moto usizimike, kama wanavyofanya mama zenu, akajitwika mtungi.

"Yatakwisha! Kaa hapo mlangoni pa zizi. Usiondoke. Usibweke, mtoto amelala. Nyama usiiguse. Nikirudi nisimkute mwana-mbuzi, na wewe utafute pa kwenda."

Yatakwisha akakaa. Hakuwa na pa kwenda.

Mama hata hajafika kisimani, minyaa ikapasuka, kachacha! Fisi huyo ndani.

"Shikamoo, mjomba Fisi," akasema Yatakwisha.

"Marahaba. Sogea. Namla mwana-mbuzi, kisha nakumalizia wewe."

Yatakwisha aliogopa, tusidanganyane. Angepigana, angekuwa tonge moja. Akatupa jicho jikoni, akaliona lile jivu limetulia, jeupe, laini.

"Mjomba, mtoto wa siku moja ana nyama gani? Manyoya na mlio tu. Mimi nakula nyama iliyoiva kila siku, na wala sikimbii."

"Najua!" akafoka Fisi. "Nimekuona!"

"Basi jifunze. Masomo ni matatu. Ukifaulu, chungu kile ni chako chote."

Tiri, tiri, tiri. "Nifundishe upesi!"

"Tulia!"

Fisi akatulia, kimyaaa. Yatakwisha akaenda chunguni, akamletea kipande kimoja. Kimoja alikila njiani.

"Lala!"

Fisi akalala, bwata! Akaletewa kipande kimoja. Njiani vilipotea viwili.

"Sasa somo la mwisho, mjomba, na ndilo gumu. Kaa!"

Fisi akakaa hapohapo, pu!

"Aa, mjomba! Mavumbini? Neno lenyewe si linakwambia? Nimesema kaa. Kaa liko wapi?"

Fisi akakuna kichwa. Hakutaka kuonekana mjinga mbele ya mwalimu mfupi namna ile.

"Kaa liko... jikoni?"

"Mwanafunzi hodari! Basi kakae."

Fisi akaenda kwa maringo mpaka jikoni, akageuka, akalipima jivu kwa jicho, akajiachia mzima mzima. Pu!

Chwaaa!

"Kaa!" akapiga kelele Fisi. "Kaa! Kaa!"

"Ndilo hilo, mjomba! Umefaulu!"

Fisi hakungoja zawadi. Alipasua ua upande wa pili akatokomea. Mpaka leo ukimwona, mbele amesimama, nyuma anataka kukaa lakini hathubutu.

Yatakwisha akabweka mpaka sauti ikamkauka. Halafu akamaliza nyama yote, maana kufundisha kunachosha, akarudi mlangoni pa zizi akakaa.

Mama Nyamizi akarudi. Ua una matundu mawili, na nyayo za fisi! Jivu limetapakaa! Chungu kitupu! Akautua mtungi, akakimbilia zizini roho mkononi. Mwana-mbuzi ananyonya, nyo, nyo, nyo. Na mbwa amekaa palepale.

"Fisi kala nyama yangu yote," akasema Mama, machozi ya furaha yanamlengalenga. "Lakini wewe, mwanangu, nilikwambia kaa, na umekaa!" Akamkumbatia.

Yatakwisha alijilamba midomo.

Funzo, watoto: mtiini mwalimu. Fisi alitii kila neno, akaungua. Yatakwisha aliambiwa asiondoke, akaondoka, asibweke, akabweka, asiguse nyama, akaimaliza. Akakumbatiwa. Kwa hiyo... kwa hiyo kuweni watiifu, basi, msiniulize maswali!

Ngano yangu imefika mlangoni, imejilaza. Na nyinyi mmeinuka wote mnakwenda wapi? Kaeni!

Mbona mnatazama chini kwanza?