Harusi ya Mtufaa wa Luvanda

"Mtufaa ukijitenga, huzaa maua." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule bwana asiyetaka kusalimiana na majirani, nanyi mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka huku huku kwetu milimani, na yalianza hivi.

Mzee Luvanda alitupa mbegu ya tufaa nyuma ya jiko, ikaota. Mti ule haukujali baridi, na matunda yake hayakuwa na mfano: mekundu upande wa jua, kijani upande wa kivuli, matamu ajabu, na ukiyafukia kwenye nyasi kavu hukaa hadi kipupwe kipite. Watu wakayaita "luvanda", naye mwenye jina akaanza kutembea kifua mbele.

Jirani yake, Bibi Sigwava, alikuwa na mtufaa mchachu uliopinda, matawi yakiingia kwa Luvanda.

"Bibi, uchachu huambukiza," Luvanda alilalamika kila asubuhi. "Ukate!"

Bibi alipochoshwa na kelele, akaukata, akapikia makande.

Msimu uliofuata mti wa Luvanda ulichanua ukawa mweupe wote. Maua yakapukutika, tufaa hata moja hakuna. Akaumwagia samadi. Akaubembeleza. Akauzungushia blanketi.

"Uvishe na soksi basi," akasema mkewe, Tulizo.

Wakwe wa binti yake, waliokwisha kuahidiwa matunda, walikuja na matenga matupu, wakarudi nayo matupu. Luvanda alijificha chooni hadi walipoondoka.

Mti ulipochanua tena, alipiga hodi kwa Bibi Sigwava.

"Mti wangu una nini, Bibi?"

"Hauna kitu. Nyuki walikuwa wakibeba unga wa maua kutoka kwangu kuja kwako. Umemfukuza mchumba, watoto watoke wapi?"

"Mchumba yule mchachu?"

"Ndiye huyo. Dada yangu ng'ambo ya bonde anao mwingine, umechanua. Mchachu kuliko wangu."

Luvanda alikwenda, akarudi na ndoo ya maji kichwani, imejaa matawi yenye maua. Bibi alikwisha kueneza habari. Wanawake wakatoka kwa vigelegele: "Bwana harusi huyooo!" Akaitua ndoo chini ya mti, akashinda hapo akifukuza kuku wasiwasumbue nyuki.

Mwaka ule matawi yalizaa hadi yakawekewa miti ya kuyaegemeza. Wakwe waliporudi kujaza matenga, walimkuta akipanda mche mchachu karibu na mlango wake.

"Mzee, huu wa nini tena?"

Luvanda akajifuta udongo, akasema, "Wanangu, mtufaa ukijitenga, huzaa maua."